Jina Juu ya Chaneli ya Ungo

Kuna mtu alikuwa ameigusa meza ya sauti. Fundi mkuu, Sikudhani Mbwilo, aliligundua hilo kabla hajakaa, kabla hata hajakung'uta mtandio wake uliojaa vumbi jeupe la magadi. Kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa chini ya vitelezi vya kupandishia sauti, mwandiko wake wa kalamu nene ulikuwa palepale: Chungu, Mwiko, Kinu, Ungo, Kata. Lakini juu yake, kwenye kioo kidogo cha kila chaneli, pale penye maandishi ambayo mashine yenyewe huyasoma, Ungo haukuwepo. Palikuwa na herufi za kijani: NYAMIZI LUHENDE.

Akasimama akiangaza huku na huku, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake u wazi na hakuna kilichoibwa. Hapo ndipo penye kutisha. Mwizi aliyebeba redio unamwelewa. Aliyeingia akaacha kitu, huyo ana lake jambo.

Ukumbi wa Usikilizaji wa Chumvini, ambamo wananchi hutoa ushahidi, ulikuwa mtupu bado. Jua la asubuhi lilipenya madirishani likalala juu ya viti vya plastiki. Jukwaani, fundi mwenzake, Mashauri Ntandu, alikuwa amepiga magoti akinyoosha nyaya.

"Mashauri."

"Naam, dada."

"Nani kaingia humu?"

"Wafagizi. Na yule mkaguzi, Ngalapa. Alichungulia tu."

"Alichungulia kwa macho au kwa vidole?"

Mashauri akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Hakuinua uso. Sikudhani alikiweka kicheko hicho akilini. Alikuwa mwanamke wa kuweka vitu akilini, na kila alichokiweka kilikaa. Alifuta jina lile, akaandika upya UNGO, akaketi.

Mafundi wa sauti wa ukanda mzima wa magadi wana mila moja ambayo haikuandikwa popote: chaneli haipewi jina la mtu. Chumvini wanatumia vyombo vya jikoni. Kule Kiangazini walikuwa wakitumia majina ya samaki, mpaka samaki wenyewe wakaisha ziwani na mzaha ukawa mchungu. Mgeni akiona utepe umeandikwa Mwiko na Kinu hudhani mafundi hawa wana njaa. Hawana njaa. Wana kumbukumbu.

Ilipopita Sheria ya Sauti Kamili, redio zilishangilia kutwa kucha. Zikaletwa meza mpya, na ndani yake kitu kinachoitwa mjazo. Shahidi akikohoa, waya ukilegea, umeme ukiyumba, meza haiachi pengo. Inasoma jina lililo juu ya chaneli, inakwenda ghalani zinakotunzwa sauti za raia, inachukua sauti ya mwenye jina na kumalizia sentensi yake. Na nani hana sauti ghalani, siku hizi ambapo hata ndoo ya maji hupewi mpaka uitamkie mashine jina lako? Inamalizia kwa lafudhi yake, kwa pumzi zake, kwa kile ambacho jalada la shauri linasema kwamba huenda angekisema. "Ili mwananchi asipotee kwa sababu ya kikohozi," alisema waziri, na watu wakampigia makofi. Hakuna aliyeuliza jalada la shauri linaandikwa na nani. Linaandikwa na Mamlaka ya Magadi, yenye viwanda. Mshitakiwa ndiye anayemmalizia shahidi maneno.

Chaneli yenye jina la chombo haijazwi, kwa kuwa ghalani hakuna sauti ya ungo. Lakini waliotunga sheria hawakuwa watoto. Sauti isiyo na jina la raia, walisema, ni sauti ya ukumbini tu: isikike, ipite, na jioni ifutwe. Haiingii katika ushahidi. Kwa hiyo maskini akapewa achague: aseme yake yafutwe, au yahifadhiwe yakiwa na mkia usio wake.

Sikudhani alikwisha kuuona mkia huo. Mjomba wake, Mwalimu Lameki, alisimama mbele ya usikilizaji wa Kiangazini kueleza jinsi bwawa la taka lilivyopasuka na kumbeba binti yake. Alipofika pale penye jina la mtoto, alinyamaza ameze machozi. Spika hazikunyamaza. "Lakini nimesamehe," zikasema kwa sauti yake ileile ya darasani, "tuendelee na maisha." Tangu siku ile watu walimwita Mzee wa Msamaha, wengine kwa heshima kabisa, na hilo ndilo lililommaliza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na leo aliyekuwa akija kuketi kwenye chaneli ya Ungo ni Nyamizi, mjane aliyesaga magadi kiwandani mpaka mapafu yakawa kama chujio lililoziba. Mwanamke ambaye hawezi kumaliza sentensi mbili bila kukohoa.

*

Sikudhani alikwenda kuchukua chai kwenye kibanda cha nje. Aliporudi, kioo kilikuwa kimeandikwa tena NYAMIZI LUHENDE.

Safari hii hakuuliza. Alifuta, akaandika UNGO, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mashauri, nakwenda stoo kutafuta betri." Akatoka kwa mlango wa pembeni, akazunguka, akajibana nyuma ya pazia la jukwaa penye harufu ya panya na rangi kuukuu. Alijiona mjinga. Mtu mzima, fundi mkuu, anamvizia mtu aliyekula naye ugali sahani moja. Lakini juzi alimwona Mashauri na Ngalapa kwenye kibanda cha chai, vichwa vimekaribiana, na alipowakaribia walianza ghafla kusifia chapati. Chapati za pale hazijawahi kusifiwa na mtu mwenye meno.

Mashauri alishuka jukwaani. Akatazama mlangoni. Akaisogelea meza, akaanza kubonyeza.

"Kumbe ni wewe."

Kijana wa watu aliruka. Halafu mabega yakamshuka. "Ni mimi, dada."

"Ngalapa kakuahidi nini? Kituo cha mjini?"

"Usinitukane."

"Sijaanza kukutukana. Nikianza utajua. Siku ile mlipokuwa mnasifia chapati, mlikuwa mnapanga nini?"

"Alikuwa ananiuliza kwa nini tunatumia majina ya jikoni. Nikamwambia ni uchovu wetu tu, tunasahau majina ya watu. Nilikuwa nakukinga, dada!" Sauti ilimpanda. "Na hili la leo halinihusu mimi wala yeye. Kamuulize mwenye jina. Yupo nje, kwenye benchi. Aliniapisha nisikwambie, akasema ukijua utambishia. Na kweli unabisha hata kabla hujasikia."

Sikudhani alimtazama usoni kwa muda. Alitafuta uongo kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakuliona, lakini kutoliona hakukumfariji. Waongo wazuri ndio wenye mchele safi.

*

Nyamizi alikuwa ameketi kivulini, kitenge kimefunika mdomo, mikono miwili juu ya fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipa ungo."

"Ni mimi, mama. Ni kwa ajili ya—"

"Hata sufuria usinipe? Sufuria lina mfuniko, mtu angejua limenyamaza kwa heshima. Ungo! Kitu chenye matundu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa fimbo. Sikudhani alingoja. Alihesabu moyoni jinsi pengo lile lilivyokuwa refu, na ni maneno mangapi ya Mamlaka yangeweza kuketi humo kwa raha zao.

"Umeona, mama?" akasema kwa upole. "Hapo ulipokohoa, wangekumalizia. Kwa sauti yako. Hata wanao wasingetambua."

"Wangesema nini?"

"Wewe utasema uliona mlango ukifungwa. Wao wataongeza kwamba hukumbuki vizuri. Hawahitaji zaidi ya hapo."

Maana jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, mlango. Mlango wa handaki la kupozea mitambo, ambamo mume wa Nyamizi, Masanja, na wenzake waliokuwa zamu walikufa kwa joto. Mamlaka ilisema walijifungia wenyewe ndani ili waibe shaba. Nyamizi alikuwa amempelekea mumewe chakula, akamwona aliyefunga. Kati ya wengine walioona, hakuna aliyebaki hai, au aliyebaki Chumvini.

"Na nikiwa Ungo?" aliuliza.

"Utasikika kama ulivyo. Neno kwa neno."

"Halafu jioni?"

Sikudhani alianza kukung'uta vumbi la mtandio wake.

"Jioni wananifuta. Basi niambie, mwanangu, wewe uliyesoma mashine: kipi bora, kuongezewa au kufutwa?"

"Kufutwa ni safi, mama. Hawakutumii."

"Safi kwa nani?" Macho ya Nyamizi yalikuwa mekundu kwa vumbi la miaka, lakini hayakupepesa. "Safi kwako. Mikono yako isiwe na doa. Masanja wangu alitolewa mle amefungwa kitambulisho cha namba kwenye kidole cha mguu. Nikauliza, huyu ni nani? Wakanisomea namba. Leo niingie mle nikamsemee nikiwa chombo cha kupepetea? Andika jina langu. Wakiniongeza, waniongeze mimi. Nitajua la kufanya."

"Mjomba wangu naye alidhani—"

"Lameki nilimjua. Nilikuwepo Kiangazini." Akapumua kwa shida. "Lile la msamaha walimjazia wao. Kunyamaza miaka yote iliyofuata, alijijazia mwenyewe. Usinikasirikie."

Alikasirika. Alikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Lakini jina lilikuwa la mjane mwenyewe, naye alikuwa analidai.

"Sawa, mama. Nitaandika."

"Nipe neno lako."

"Nimekupa."

*

Ukumbi ulishajaa aliporudi mezani. Hermas Ngalapa, mkaguzi wa Mamlaka, alikuwa ameegemea meza kama mtu aliyeegemea gari lake. Suti ya kijivu, tabasamu jembamba.

"Fundi mkuu! Nimesikia leo tumeachana na mambo ya jikoni."

"Umesikia wapi, bwana mkaguzi?"

"Kuta za hapa nyembamba. Nimefurahi. Mama wa watu anastahili kusikika akiwa kamili." Akagonga kioo cha chaneli kwa ukucha, taratibu. "Kamili kabisa."

Akaondoka kwenda kuketi mbele. Sikudhani alibaki na lile neno. Huyu mtu hajawahi kufurahi bila mwingine kulia. Kama kufurahi kwake kumetokana na jina hili, basi maneno ya kujaza yameshaandaliwa, yamepigwa pasi, yanangoja kikohozi tu. Alimtazama Mashauri kule jukwaani akimfungia Nyamizi kipaza sauti kwenye kola. Alimtazama Nyamizi. Hakumwamini yeyote, na kwa siku ile hakuiamini hata ahadi yake mwenyewe.

Vidole vilikuwa juu ya herufi. Ungo, afutwe. Nyamizi, aongezewe. Kisha likamjia jambo jingine, likamjia kwa ghafla na kwa ubaya. Meza haijui nani anasema. Meza inajua kilichoandikwa. Na mafundi nao ni raia, sauti zao ziko ghalani kama za wengine.

Akaandika: SIKUDHANI MBWILO.

Meza ikakubali. Taa ya ushahidi ikawaka kijani.

*

Mwenyekiti wa usikilizaji, mzee mmoja aliyestaafu ujaji bila kustaafu usingizi, alimwambia Nyamizi aanze.

"Siku ile nilimpelekea mume wangu makande," Nyamizi alisema, na spika zikaibeba sauti yake yote, mikwaruzo na yote. "Nilifika kwenye uzio nikaona wenzake wameshaingia. Nikaona mlango wa handaki unafungwa. Unafungwa kwa nje. Aliyeufunga namjua, ni—"

Kikohozi kikamshika. Kikamkunja. Mjazo ukafyatuka.

"—lakini vumbi lilikuwa jingi," zikasema spika, "na kwa kweli sikumbuki vizuri."

Ilikuwa sauti safi, ya mwanamke wa makamo, yenye lafudhi ya nyanda za juu. Kila mtu ukumbini aliijua. Ndiyo iliyowaambia kila usikilizaji "moja, mbili, moja, mbili, wa nyuma mnanisikia?" Vichwa vikageuka, safu baada ya safu, vikatazama meza. Sikudhani alikuwa ameketi pale mdomo umefumbwa, kiganja kimeufunika ili hata aliye mbali aone.

"Hitilafu ya mitambo!" Ngalapa alikuwa ameshasimama. "Mwenyekiti, naomba tuahirishe."

Nyamizi alipangusa mdomo. "Nani kasema hivyo?"

Akazigeukia spika.

"Mimi sijasema hivyo. Namkumbuka vizuri kama ninavyokikumbuka kidole hiki. Wewe fundi. Hiyo si sauti yako?"

"Ni yangu, mama." Sikudhani alisimama. "Lakini sikusema mimi. Imesema meza. Juu ya chaneli yako niliandika jina langu. Ningeandika lako, maneno yaleyale yangetoka kwa sauti yako, na watu hawa wangerudi makwao wakisema Nyamizi hakumbuki."

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti. Mmoja alipaza sauti akiuliza, na mama yangu je, na yeye alipokiri mwaka ule? Mwingine akalia tu. Mwenyekiti alipiga nyundo yake na hakuna aliyeisikia. Vijana wawili wa Mamlaka walikuja wakasimama nyuma ya kiti cha Sikudhani, hawakumgusa, lakini alizisikia pumzi zao shingoni.

Alingoja Nyamizi amshukuru. Aibu kulisema, lakini alingoja.

"Nilikwambia uandike jina langu," Nyamizi alisema, na watu wakanyamaza kumsikia. "Ulinipa neno lako."

"Nilikupa, mama."

"Ukalivunja."

"Nililivunja."

"Wao walitaka kunisemea kwa ubaya. Wewe umenichagulia kwa wema. Katikati yenu mimi niko wapi? Nimetoka kuwa ungo, nimekuwa wewe. Ushahidi wangu leo ni wa nani? Wa Sikudhani Mbwilo, ambaye hakuwepo hata uzioni!" Kikohozi kilimjia, akakimeza. "Andika. Hapo hapo, watu wakiona."

"Watakumalizia, mama. Kwa sauti yako."

"Sasa watu wanajua. Andika."

Ngalapa alisema chaneli isiguswe katikati ya shauri. Mashauri alishuka jukwaani bila kuambiwa, akaja akasimama kati ya wale vijana wawili na kiti, mwembamba kama alivyo, mikono nyuma. "Muacheni fundi afanye kazi," akasema. Sikudhani alifuta jina lake. Akaandika herufi moja moja, akizitamka kwa nguvu kila alipobonyeza, mpaka jina likatimia.

Nyamizi akaanza upya. Makande. Uzio. Mlango. "Aliyeufunga namjua, ni—"

Kikohozi.

"—lakini," zikaanza spika, na nywele za watu zikasimama, maana ilikuwa sauti ya Nyamizi, ila ya Nyamizi wa zamani, isiyo na chembe ya magadi kifuani, tamu kama ya bibi harusi, "vumbi lili—"

"Bado!" Mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka viti vya nyuma. "Hajamaliza! Bado!"

"Bado!" wakaitikia wa katikati. "Bado!" ukumbi mzima. Kelele iliingia kwenye kipaza sauti cha kola ya Nyamizi, mshale unaopima sauti ya chaneli ukaruka, na meza, kwa kuona hakuna pengo tena la kujaza, ikakata maneno yake katikati. Watu wakanyamaza. Nyamizi akavuta pumzi.

"Ni msimamizi Kibasa," akasema. "Funguo akazitia—" Kikohozi. Ile sauti tamu haikuwahi hata kufikia neno la pili. "Bado!" Paa la bati lilitetemeka. "—akazitia mfukoni, mfuko wa kulia. Nikamwita. Akaniona. Akaniambia nenda nyumbani mama, mumeo atachelewa."

Wakaenda hivyo, pumzi kwa pumzi. Sikudhani hakuwa na la kufanya ila kushika kitelezi kisishuke, na mkono mzito wa kijana mmoja wa Mamlaka ukiwa umeshatua begani kwake. Hakugeuka kuutazama. Taa ya ushahidi ilikuwa kijani. Kila neno lilikuwa linaingia, na kila kelele, na kila kikohozi, chini ya jina la mwenyewe.

Mwisho Nyamizi alikaa kimya, macho yamefumbwa, kifua kikipanda na kushuka. Sentensi yake ilikuwa imekamilika, meza haikuwa na cha kumalizia. Ngalapa alimnong'oneza mwenyekiti, na mzee yule akainama kwenye kipaza sauti chake.

"Shahidi amemaliza?"

Watu mia kadhaa walifungua vinywa. Nyamizi akainua kiganja, wakavifunga. Akafumbua macho, akamtazama Ngalapa kwanza, kisha akamtazama Sikudhani, na hakuwatofautisha sana.

"Bado," akasema mwenyewe.